Ringi niliyoivunja kwa mkono wangu

Leo nimevunja ringi ya pampu kwa mkono wangu mwenyewe, na maharage yangu ya bondeni ndiyo kwanza yametoa maua.

Wiki nzima pampu ilikuwa inatoa moshi tu, maji hakuna. Fundi Shabani kaja hapa Rungwe Mpya, kafungua injini, kasema pistoni imelika. Kaleta mpya na ringi yake, duara jembamba la chuma.

Mara namwona anaitia ringi kwenye silinda tupu. Pistoni iko chini, juu ya gunia.

Nikamwambia, "Wewe baba, ringi inavaliwa na pistoni. Hata mimi wa darasa la pili najua."

"Bibi, napima kwanza kama inakaa sawa."

"Unapima au unacheza?"

Akafuta mikono, akaenda kuswali adhuhuri.

Mimi na kiherehere changu nikaitoa ringi, nikaipanua niivishe pistoni kama bangili.

Ikalia ta. Vipande viwili.

Aliporudi akaiangalia mikono yangu. Heri angenisema.

Kapiga simu maduka yote ya Kasulu, saizi ile hakuna. Basi akachukua ndoo, akashuka mtoni. Tangu mchana tunamwagilia kwa ndoo, yeye mbele mimi nyuma, na maua ya upande wa juu yameanza kunyauka.

Wenzangu wa kikundi hiki mlioko Kibondo, ringi yenyewe ni hiyo pichani, ya pampu ndogo ya petroli. Mwenye nayo aseme leo hii.

Kunicheka mtanicheka maharage yakishaiva.