Taa Mbili za Lori na Kipande cha Nta

Shule niliishia darasa la pili. Nilitoroka nikafuata mizinga ya baba kule Ugalla, na sijutii sana, asali ilinilisha. Lakini miaka ile ya sabini, elimu ya watu wazima ilipofika kwetu Nsemulwa, mke wangu aliandikisha majina yetu wote wawili bila kuniuliza. Alisema amechoka kuona barua za mama yangu zinasomwa na majirani. Basi nikakaa kwenye benchi, mwanaume mzima na ndevu, nasoma upya a, e, i, o, u.

Nyumbani nilikuwa na mchezo wangu. Kuna lori lilikufa Misunkumilo, mwenyewe akanipa taa mbili za mbele, zile sahani za ndani bado zinang'aa. Ukiingiza balbu ya tochi mle ndani, ukaisogeza mbele na nyuma, mwanga hutawanyika, halafu hubana, halafu pana mahali pamoja tu, padogo kama punje ya mchele, ambapo unatoka umenyooka. Duara ukutani linabaki saizi ile ile, usimame karibu au mbali. Na ukiweka taa ya pili mbele yake, zitazamane, mwanga wote unakwenda kujikusanya pale pale panapokaa balbu ya hiyo ya pili. Nilicheza hivyo masika nzima. Mke wangu alisema afadhali mlevi, walevi hulala.

Sasa mdomo wangu ukaniponza. Siku tuliyojifunza kuandika "moto", nikasema kaa la moto nalo ukiliweka mle ndani, joto lake litanyooka vile vile, ingawa hulioni. Darasa zima likacheka. Aliyecheka kupita wote ni mtani wangu, mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe.

"Wewe mrina asali, moshi wa mizinga umekuingia kichwani! Joto lina miguu?"

Nikaapa pale pale kwamba nitawaonyesha, na nikishindwa sirudi darasani. Mke wangu aliinamisha kichwa. Sikumwangalia.

Siku yenyewe nikaweka taa juu ya benchi mbili, zinatazamana, katikati hatua mbili. Upande huu kaa mahali pa balbu, upande ule, mahali pale pale, nta kidogo kama harage, nimeipaka masizi ya sufuria ili inywe joto. Vioo vya mbele nilivisugua mpaka vikameta. Mimi nilijua mwanga unapita kwenye kioo, basi joto nalo litapita. Nikapuliza kaa kwa mrija kupitia tundu la nyuma, nikapuliza mpaka masikio yakalia. Nta kimya.

"Imelala hiyo, tuiimbie?" mtani akasema. "Nyie, huyu ameshindwa! Na mali yake ni yangu."

Utani wetu ndivyo ulivyo. Mtu anakuchukulia kitu mbele za watu, na ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Akabandua vioo vyote viwili, akavishika machoni kama miwani, akaanza kutembea akimwigiza mwalimu: "Ndugu wanafunzi, leo tunasoma ujinga!" Watu wakashika mbavu, mwalimu mwenyewe akageukia ubao kuficha kicheko. Mimi nikaendelea kupuliza tu. Ningefanya nini? Nikiacha, inabidi ninyanyuke niende nyumbani.

Ndipo mke wangu akapiga kelele. "Baba watoto, inatoka jasho! Puliza!"

Nta ilikuwa inang'aa. Ikalegea, ikadondoka tone moja kwenye benchi. Mwalimu akaja haraka, akamnyang'anya mtani kioo kimoja, akakirudisha kwenye taa. Nta ikaganda. Akakiondoa, ikadondoka tena.

"Kumbe kioo kinapitisha mwanga, kinazuia joto la kaa," akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe.

"Mmeona?" mtani akadakia. "Fundi ni mimi!"

Kile cha mwalimu akakichukua tena, na vioo vyote viwili hakurudisha. Mpaka leo naambiwa kimoja kinafunika chungu cha mboga kwake. Siku hizi wajukuu wananieleza kwamba rimoti ya televisheni inatuma mwanga usioonekana, nami nawaambia mimi na mwanga huo tulishaonana zamani.

Kesho yake nilirudi kwenye benchi langu. Kiangazi kilipofika, ikaja barua ya mama, imeandikwa na katekista wa kijijini kwake. Niliisoma mwenyewe, kwa kidole, nusu siku. Mke wangu alikuwa pembeni anapepeta mpunga, lakini ungo alikuwa ameusimamisha, anasikiliza.