Kinubi katika Wodi ya Wanaume

Baba yangu alizikwa bila kinubi. Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, Mkatoliki akifa alipigiwa kinubi kwenye misa yake, na mpigaji nilikuwa mimi. Siku ile nilikaa kwenye benchi la wafiwa pamoja na mama, mikono ikiwa juu ya magoti. Kinubi kilibaki nyumbani kwa masista.

Sista mmoja alinifundisha kukipiga tangu nikiwa shuleni. Nilipokua nikawa na kazi mbili. Jumamosi dereva alinipeleka klabu ya Wazungu, nikapiga nyimbo za mapenzi kando ya mlango wa jiko huku wao wakila. Kambini nilipiga kwenye misa za wafu tu, maana Jumapili ilikuwa ya kwaya. Kwa hiyo watu wetu hawakuwahi kusikia kinubi bila kuona jeneza.

Baba, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, aliugua kifua kwa vumbi la mawe. Hospitalini alihema kama mtu anayepanda kilima, na huku amelala. Aliomba nikampigie. Sista yule aliyenifundisha alikubali kwa sharti moja: nyimbo za kanisa peke yake.

Nilipokiingiza wodini, wagonjwa waliinuka vitandani wakanipigia kelele.

“Mama, rudisha ile kitu! Siye hatuyakufa bado!”

“Nani anakufa leo? Museme, nikamate blanketi yake.”

Mzee mmoja alilia kweli, akiniuliza kama daktari ndiye aliyenituma. Nesi akataka kunitoa. Baba akainua mkono.

“Mutoto yangu, piga ile ya mapendo. Ile ya bazungu. Bajue hakuna maiti hapa.”

Nikapiga. Wodi ikatulia, kisha yule wa blanketi akauliza, “Bazungu banaoana na huzuni namna hii?” Wakacheka mpaka wakakohoa. Baba alicheka pia, akakohoa, akaficha kitambaa chenye damu chini ya mto.

“Ingine,” akasema.

Nilizipiga zote za klabuni. Wimbo wa kanisa haukupigwa hata mmoja.

Alikufa kabla ya wiki kwisha. Nilikwenda kwa sista kuomba kinubi. Alizungumza nami amesimama mlangoni.

“Padri amekataa,” alisema. “Amesikia ulichofanya mbele ya wagonjwa.”

Nikavuka uwanja hadi kwa padri. Alikuwa akinyoa ndevu, povu shavuni.

“Mimi nikataze? Kinubi ni cha masista. Muulize sista.”

Nilirudi. Safari hii mlango haukufunguliwa, na maiti haikuweza kungoja. Tulimzika kwa sauti zetu, mama akianzisha kila wimbo na kuukatisha kwa kilio.

Jumamosi dereva alikuja kama kawaida. Kinubi kilikuwa tayari ndani ya gari. Katika klabu walitaka nyimbo zilezile nilizompigia baba, nami nikazipiga.

Wazungu walipoanza kuondoka, padri na sista walipanda treni ya kwenda Dilolo, mpakani, na kila mmoja alikuwa angali akisema ni mwenzake aliyekataza. Baadaye nilimuuliza nesi. Nilimuuliza dereva, na mpishi wa misheni. Wote wanajua kwamba kinubi kilikatazwa. Sijampata bado mtu aliyesikia amri ikitolewa.