Kaburi la Mreno

Babu yangu mzaa baba alisema uongo mmoja mkubwa maishani mwake, na mimi namlaumu mpaka leo, Mungu amrehemu.

Kijijini kwetu, kusini ya mji wa Tanga, kuna kaburi la mawe lenye nguzo ndefu. Nguzoni zimepachikwa bakuli za Kichina, nyeupe zenye maua ya buluu, zimeshikwa na chokaa. Aliyelala pale ni mzee wetu wa kwanza, aliyekuja na watu wake wakachimba kisima, wakachoma matumbawe kupata chokaa, wakajenga msikiti. Yote hayo yalikuwa yameshazeeka merikebu za Wareno zilipopita na moja ikapanda mwamba mbele ya pwani yetu. Wazee wetu wakawapelekea maji na machungwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Sijui ni mwenyeji gani aliyepona.

Babu alipokuwa kijana wakaja Wazungu wengine, hawa wa kuchimbachimba. Makaburi ya vijiji vya jirani walikwisha kuyabandua bakuli zake. Hata leo nguzo zina matundu matupu. Walipofika kwetu na patasi zao, babu akawawahi. Akawaambia, hapa amezikwa mwenzenu, Mreno, baharia wa ile merikebu iliyopanda mwamba. Basi wakavua kofia. Wakasimama kimya, wakapiga picha, wakaenda zao bila kugusa kitu. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Utotoni nilikisikia kisa hicho kila Idi, na nilicheka kuliko wote, maana babu alikuwa hodari wa kuigiza Mzungu anavyovua kofia kwa huzuni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya babu ilikuwa ndefu. Picha zile zilikwenda zilikokwenda, na ziliporudi zilikuwa zimegeuka elimu. Ukaja ubao ulioandikwa Kaburi la Mreno, ukaja uzio wa waya, akaja na mlinzi wa kukaa mlangoni.

Kwetu sisi hilo lilibaki mzaha, ila kwa shangazi yangu. Alikuwa akiishi Makorora, mjini Tanga, akichoma vitumbua barazani kila asubuhi, na hakujaaliwa mtoto. Kila Shaabani, kabla ya mfungo, alikwenda kijijini kumfagilia mzee wetu kaburi lake. Alifukiza ubani, akanyunyiza marashi, akasoma Yasini, kama alivyofanya mama yake na mama wa mama yake. Walinzi wa mwanzo walikuwa vijana wa kijijini, wakimfungulia na kumshikia fagio.

Alipougua na kujua kwamba haponi, aliniita.

"Mwanangu, mimi nizikwe miguuni pa mzee. Sina mtoto. Atakayemfagilia yeye atanifagilia na mimi."

Hakuomba kingine. Nilimpandisha bajaji tukaenda kuomba ruhusa Raskazone, ambako ofisi ya mambo ya kale imo katika mojawapo ya zile nyumba za kikoloni zenye veranda pana. Afisa alikuwa kijana mpole. Alimpa shangazi shikamoo, akamletea kiti chenye mto. Hilo lilinichoma zaidi. Angekuwa mkali, ningejua pa kuanzia kugombana.

"Bibi," alisema baada ya kumsikiliza, "pale amelala Mzungu. Wewe unahusikaje naye?"

Shangazi akamsimulia kisa cha babu, chote, pamoja na maigizo ya kofia. Pumzi zilimkata njiani, akapumzika, akaendelea. Afisa alicheka kwa adabu.

"Kisa kizuri, bibi. Lakini siku hizi kila anayetaka eneo ana babu yake."

Nikaingilia. Nikamwambia kaburi lile limeelekea kibla, na mwenye macho haambiwi tazama. Akanijibu bila kusita kwamba hilo linajulikana: wenyeji walimzika mgeni wao kwa desturi zao wenyewe. Ndiyo maana kaburi lile ni la pekee, akasema. Linaonyesha ukarimu wetu.

Uongo wa babu ulikuwa na majibu yote, na ukweli ulikuwa na mgonjwa mmoja juu ya kiti cha ofisi.

Njiani kurudi tulipita Chumbageni. Hapo shangazi akasema, "Bora baba angewaacha wakabandua bakuli zao. Vyombo tu vile."

Alifariki kabla ya masika. Tulimzika makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua na wasiomjua. Vijana wa ukoo wako Dar es Salaam, wakipiga simu wanauliza hali na kusema Inshallah. Nilipokwenda kumzuru mara ya mwisho nilizunguka sana kabla ya kuliona kaburi lake, majani yamelimeza, na magoti yangu hayaniruhusu tena kuinama kuyang'oa. Mimi nikiondoka, hakuna atakayejua ni lipi. Najua hivyo, na sina la kufanya.

Shaabani iliyopita nilichukua fagio lake na ubani nikaenda kijijini. Mlinzi alikuwa mgeni, mtu wa bara, hakunijua. Fagio akaliweka kando, maana pana wafagiaji wao. Ubani akaukataa, moto hauruhusiwi. Lakini nikitaka kuangalia, alisema, naweza kuingia na wageni wengine.

Ndani walikuwapo Wazungu wachache, vichwa wazi, kimya. Nikatazama nguzoni. Bakuli zote zipo, hata moja haina ufa. Nilianza kusoma Yasini moyoni, na sikuwa nimefika mbali mlinzi aliponigusa bega.

"Mzee," aliniambia taratibu, asiwasumbue wengine, "hapa tunavua kofia. Kuna mtu amezikwa."

Nikavua.