Nilikuwa Nyuma ya Pazia

Wakili aliisoma barua yangu mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Kisha akaigeuza pale mezani na kunisogezea kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha sahani yenye unywele.

"Dada, sentensi hii umeitoa wapi?"

Sentensi yenyewe niliipenda sana. Nilikuwa nimeisoma mbele ya kikundi chetu cha waandishi, na watu wakaguna kwa raha. Niliandika hivi: Siku niliyoolewa, mimi sikuwepo, nilikuwa jina tu, lililotoka kinywani mwa baba yangu likaenda kukaa moyoni mwa mume wangu.

"Ni nzuri," alisema wakili. "Nzuri kabisa. Ikimfikia afisa wa uhamiaji, mumeo anabaki Tanga."

Tulikuwa Regent Park, Toronto, katika kituo cha msaada wa kisheria kilicho chini ya jengo jipya, kuta zote vioo, na nje theluji ya kwanza ilikuwa inajaribu kushuka bila uhakika. Wakili alikuwa binti wa Wakenya, amekulia Pickering, rika langu au amenizidi kidogo. Kiswahili anakielewa chote, ila kinywani kinamtoka kimechanganyika na Kiingereza kingi. Hapa nakiandika kama nilivyokisikia moyoni. Alinieleza polepole. Kanada, mtu akitaka kumdhamini mwenzi wake aje, ndoa lazima iwe imefungwa wote wawili wakiwepo, miili yao, pale pale. Ndoa ya simu haihesabiki. Ndoa ya mwakilishi haihesabiki. Na mimi, kwa mkono wangu na kwa wino wangu, nilikuwa nimeapa kwamba sikuwepo.

Nilimwona mume wangu amesimama dukani kwake, kati ya matairi ya pikipiki, akisubiri mlango ambao nimeufunga mwenyewe kwa sababu sentensi ilikuwa na mdundo.

"Sasa niambie bila mashairi," alisema wakili. "Ulikuwa wapi?"

"Chumbani."

"Chumba cha wapi? Toronto?"

"Hapana! Tanga. Nyumbani kwa baba."

"Na ndoa ilifungwa wapi?"

"Nyumbani kwa baba. Sebuleni."

Akaacha kuandika. "Nyumba hiyo hiyo?"

"Nyumba hiyo hiyo."

"Kati yako na wao kulikuwa na nini?"

"Pazia."

Wakili alilaza kichwa mezani. Nilidhani analia, kumbe anacheka. "Pazia! Dada, unataka kuniua kwa pazia? Kwa nini basi uliandika hukuwepo?"

Nilijaribu kumweleza. Kwetu, nikaha ni shughuli ya wanaume. Wanakaa chini kwenye mikeka na kanzu zao, shehe katikati, ubani unafuka, na bibi harusi yuko ndani na wanawake, amefunikwa, hina bado inanukia mikononi. Muulize mwanamke yeyote wa mtaa wetu kama alihudhuria nikaha yake, atakucheka. Mwanamke hahudhurii. Anasikia. Shehe huja mlangoni, humuuliza kama ameridhia, kisha hurudi kwa wanaume na kazi kuendelea. Nilikuwa nimeliona jambo hilo hivyo tangu utotoni, kwa shangazi, kwa binamu, kwa majirani, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna nchi ambayo ingeniuliza niliuweka wapi mwili wangu.

"Kwetu bibi harusi asipoingia kanisani hiyo si harusi," alisema wakili akijifuta macho. "Ni kikao cha wazee."

"Na kwetu ni kikao cha wazee. Harusi inakuja baadaye."

Alinipa karatasi tupu na kalamu. "Nichoree nyumba."

Nikachora. Sijui kuchora, lakini siku hiyo mkono ulikuwa na mbawa. Nilichora baraza, sebule, mlango, pazia, kitanda nilichokalia, dirisha la uani ambapo wapishi walikuwa wanagombana kuhusu chumvi ya pilau. Nilipomaliza, umbali kati yangu na mume wangu ulikuwa mdogo kuliko meza tuliyokalia. Wakili aliuangalia mchoro, nikaona uso wake unabadilika, unakuwa mkali na wenye njaa, kama wa mtu aliyeona goli liko wazi.

"Uliwepo," alisema. "Tunaweza kusimama na hili. Baba yako atoe kiapo, shehe atoe kiapo, waeleze nyumba na pazia. Na barua utaiandika upya. Lakini nataka kitu ninachoweza kukiona kwa macho. Picha."

Hapo ndipo nilipokwama tena. Picha za mume wangu na wanaume zilikuwepo nyingi. Picha zangu siku ile, hakuna hata moja, kwa sababu kwenye harusi zetu simu za wanawake hukusanywa mlangoni, mtu asije akampiga picha mwenziwe aliyevua mtandio. Na mlinzi wa mlango alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke ambaye hata mwizi humwamkia.

Nilimpigia pale pale, wakili akisikiliza. Tanga ilikuwa alasiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Shangazi, nina shida. Natafuta picha yangu siku ya nikaha."

Sauti yake ikapaa. "Picha? Nimekaa mlangoni na beseni la simu tangu asubuhi mpaka mgongo umekufa, nazuia picha, leo unaniomba picha?"

"Bila hiyo mume wangu anaweza kukataliwa, shangazi."

"Hao Wazungu wanadhani tulimwoza nani? Paka?" Wakili aliuma kalamu yake asicheke kwa sauti. "Subiri. Beseni lilikuwa la wanawake. Wanaume sikuwapokonya mimi. Muulize shemeji yako mkubwa, yule hawezi hata kunywa chai bila kujirekodi."

Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, alijibu kwa video kabla sijamaliza kumsalimia. Wakili aliigeuza kompyuta yake tukaitazama pamoja, mabega yakigusana. Wanaume kwenye mikeka. Mume wangu na kilemba kilichomzidi kichwa. Shehe anainuka, baba anamfuata, mashahidi wawili nyuma yao, na shemeji, Mungu amzidishie umbea, anawafuata na simu mpaka mlangoni. Pazia la kijani linajaa skrini nzima. Shehe anataja jina langu, jina la baba yangu, jina la mume wangu, anauliza kama nimeridhia aniozeshe.

Desturi ni bibi harusi akae kimya. Anaulizwa tena, anakaa kimya. Hata mara ya tatu huitika kwa sauti ya sisimizi, au haitiki kabisa, na kimya chake kinatosha.

Kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti yangu, kubwa, haina hata chembe ya haya: "Nimeridhia!"

Wanaume wakaangua kicheko. Shehe mwenyewe alisikika akikohoa. Na chini ya vicheko, wazi kabisa, shangazi yangu: "Taratibu we mtoto, una haraka ya nini?"

Wakili aliirudisha akaisikiliza tena. Kisha akainuka, akafungua mlango wa ofisi, akaufunga, akarudi kukaa, kwa sababu furaha ilikuwa haina pa kwenda. "Hii," alisema, "inakwenda kwa mfasiri aliyeapishwa leo hii. Kila neno. Na shangazi pia, usimkate."

Niliiandika barua upya, kavu kama kuni: nilikaa hapa, pazia lilikuwa hapa, niliulizwa, nilijibu. Haina mdundo wowote, na sijawahi kuandika kitu kwa moyo unaodunda vile. Baba na shehe walitoa viapo vyao, mchoro ukaambatanishwa, wakili akatuma kila kitu.

Jibu lilikuja asubuhi moja nikiwa kazini, Downsview, katika ofisi ya ghala ninakojibu simu za wateja. Wakili aliandika maneno machache: wameikubali ndoa, wanataka pasipoti yake. Nilitoka nje bila koti. Malori yalikuwa yanarudi nyuma yakipiga kelele, mimi nikiyazidi. Nilimpigia mume wangu, nikamwambia mara moja tu, maana pumzi ya mara ya pili sikuwa nayo.

Hakunijibu mimi. Nilimsikia akimgeukia mteja aliyekuwa dukani.

"Bwana, mke wangu ameniita Kanada!"

"Kanada?" alisema mteja. "Huko si kuna baridi?"

"Sijui," alisema mume wangu. "Ndiyo naenda kuiona."