Majina Niliyoyataja Kabla ya Bahasha Kufunguliwa

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni siku moja ya mnada hapa Karatu, mchana, ndani ya banda la video la Mama Zuhura. Nakusimulia wewe kwa sababu jana nilikukuta na wenzako mmeinamia simu, mnatabiri nani atashinda tuzo kubwa za filamu huko ng'ambo, nikakusikia ukisema kwamba wewe hukosei. Uliponiona ukacheka, ukaniuliza kama mzee kama mimi anajua lolote kuhusu mambo hayo. Najua, tena zaidi ya unavyodhani.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilizaliwa Rhotia, katikati ya mahindi na maharage, na nilipomaliza shule nikapata kazi kwenye hoteli moja ya wageni hapa mjini: kufagia, kumwagilia maua, kubadilisha mashuka. Simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Kiingereza nilikiokota kwa wageni, neno moja leo, neno moja kesho, na kile kidogo nilichokiokota nilikitumia kwa kelele nyingi. Siku nisizokuwa na zamu nilishinda kwa Mama Zuhura. Huyu alikuwa na duka la vitenge, mama mcha Mungu, asiyekosa swala, mkali wa macho, na nyuma ya duka aliweka banda lenye mabenchi, runinga moja na deki ya kuchezesha mikanda. Mimi ndiye niliyesimama kando ya runinga kuwaeleza watu wahusika wanasema nini. Pale nisipoelewa nilijitungia tu, na hakuna aliyenikamata.

Siku moja kaka yake wa Arusha akamletea mkanda akidhani ni filamu ya mapigano. Kumbe ilikuwa sherehe ya tuzo za filamu, nzima nzima, tangu watu wanaposhuka kwenye magari mpaka mwisho. Tulipoujaribu niliitambua sherehe ile. Wiki mbili kabla yake mgeni mmoja, mama wa Kizungu, alikuwa ameacha gazeti chumbani, na ukurasa mmoja ulikuwa umejaa majina ya washindi wa sherehe ile ile. Nilikuwa nimelificha chini ya godoro langu kwa sababu ya picha zake. Basi nikamshauri Mama Zuhura auonyeshe mkanda siku ya mnada, na kuhusu gazeti nikanyamaza. Nikayakariri majina yale kama nilivyokariri sala za komunio ya kwanza.

Siku ya mnada banda lilifurika. Walikuwemo wafugaji waliokwisha kuuza mbuzi wao, wakulima wa kwetu, akina mama waliokuja kupumzisha miguu. Picha ilipoanza watu wakanung'unika, wakauliza ngumi ziko wapi. Nikasimamisha deki, nikawaeleza kwamba wale wote walioketi kwenye sherehe hawajui nani atashinda, jina limo ndani ya bahasha, na bahasha haifunguliwi mpaka saa yake. Kila mtu na atabiri. Banda likachangamka. Muuza nyama mmoja akamchagua mwigizaji mwenye shingo nene, akasema mtu wa namna hiyo hakosi bahati. Akina mama wakamchagua dada mmoja aliyekuwa na macho ya mtu aliyelia njiani. Mimi niliwasubiri wote wamalize, kisha nikafumba macho, nikataja jina. Bahasha ikafunguliwa, likasomwa jina lile lile.

Mara ya kwanza walicheka. Mara ya tano hapakuwa na aliyecheka. Ilipofika tuzo ya mwisho mama mmoja aliyekaa karibu yangu akajisogeza asije akanigusa. Nimewahi kupendwa, mwanangu, nimewahi kupongezwa. Lakini kutazamwa vile, watu wakikuangalia kana kwamba nyuma yako amesimama mtu wasiyemwona, nilikuonja siku hiyo tu, na sitakudanganya, ni kutamu. Kichwa kilinivimba nikawa sisikii hata jenereta iliyokuwa ikinguruma nyuma ya banda.

Mkanda ulipoisha nikamkuta nje mzee wa Kimaasai akinisubiri. Aliitwa Mzee Melubo, ametoka Malambo, mbali, ng'ambo ya nyanda za Ngorongoro, na alikuwa ameingia bandani baada ya kuuza mbuzi wake. Kiingereza hakukijua, ila aliona kwa macho yake kwamba mimi nataja jina, halafu karatasi inafunguliwa na jina linakuwa hilo. Nikainamisha kichwa kumsalimu kama ilivyo kwao, akanigusa utosini. Aliuondoa mkono upesi, kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Nikatambua kwamba ananiogopa mimi, mzee mzima kama yule.

Akanieleza shida yake bila kupamba. Kwao ukame ulikuwa umekaza, na ng'ombe wa boma zima walikuwa wamedhoofu. Wazee walikuwa wamegawanyika. Wengine walitaka kuwapandisha ng'ombe milimani kwenye majani mara moja, wakiwa bado na nguvu za kutembea. Wengine walisema mawingu yameanza kuonekana, safari itawaua bure, afadhali kungoja mvua. Yeye ndiye aliyekuwa anangojewa akatoe neno la mwisho.

"Ero, kijana wangu," akasema, "wewe unaona. Tungoje au tuhame?"

Watu walikuwa wametuzunguka, na Mama Zuhura alisimama mlangoni akinitazama. Kusema sijui kungekuwa rahisi sana, mwanangu. Ni neno fupi. Lakini nilikuwa nimetoka tu kuwa mtu mkubwa, na sikutaka kuwa mdogo tena mapema hivyo. Nikafumba macho vile vile.

"Ngojeni," nikasema. "Mvua itanyesha kabla mwezi huu haujaisha."

Akanishukuru, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyetuliwa mzigo. Tulipobaki wawili tukipanga mabenchi, Mama Zuhura akaniuliza niliyajuaje majina yale. Nikamwambia habari ya gazeti, huku nikicheka, nikitegemea naye atacheka. Hakucheka. Akasema ya mbele anayajua Mwenyezi Mungu peke yake, na akaendelea kufuta benchi moja lile lile kwa muda. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hiyo mvua umeisoma kwenye gazeti gani?"

Nikainama kupanga mabenchi. Sikuondoka siku ile kumfuata yule mzee, na hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe. Wiki nzima niliamka nikitazama mbingu, nikijiambia labda itanyesha, labda nitaponea hapo. Mbingu zilikuwa safi, nyeupe kwa joto. Siku ya nane nikaomba ruhusa kazini, nikapanda lori la mahindi lililokuwa linavuka Ngorongoro.

Jambo moja nililikuta njiani siwezi kuliruka. Nilikuwa nimekulia chini ya ile milima, kila siku naona wageni wakipandishwa kwenda kuitazama kreta, lile shimo kubwa la mlima, na mimi sikuwa nimewahi kufika. Tulipofika ukingoni ukungu ulikuwa mzito mpaka dereva akasimama kukagua breki. Nikashuka nijinyooshe. Ukungu ukafunguka, bila sauti yoyote, na chini yangu ikatokea nchi nzima: ziwa linang'aa, msitu, na vidoa vyeusi vinavyosogea ambavyo dereva alisema ni nyati. Nikakaa papo hapo kwenye matope. Kitu kikubwa namna ile kilikuwa pale siku zote, mwendo mfupi wa gari kutoka kitandani kwangu, na sikukijua, halafu mimi huyo huyo nikasimama mbele za watu kama mwenye kuona. Dereva alidhani naumwa, akanipa maji.

Lori liliniacha tambarare. Nikaendelea kwa miguu na vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa wanarudi kwao Malambo, tukalala njiani kwa jamaa zao, na kesho yake jua lilipopanda tukafika bomani kwa Mzee Melubo. Ng'ombe walikuwa wamelala mavumbini, na wengine hawakuinua hata kichwa tulipopita. Watu walikuwa wamekaa tu. Walikuwa wanangoja mvua yangu, mwanangu.

Mzee aliponiona alifurahi, akadhani nimeleta neno jingine. Akawaita wazee wenzake. Nikajikaza kisabuni, nikasema yote: gazeti, godoro, majina niliyoyakariri, na kwamba kuhusu mvua sijui kitu. Mmoja wa vijana niliokuja nao akawatafsiria, nami nikasikia maneno yangu yakipita kutoka mtu mpaka mtu kwa lugha nisiyoijua. Kijana mmoja wa pale bomani akaishika fimbo yake vizuri. Nilingoja kupigwa na niliona ni haki yangu.

Mzee Melubo akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Wale watu wa kwenye runinga, waliovaa vizuri. Wao walijua?"

"Hapana, mzee."

"Na yule aliyeshika karatasi?"

"Hata yeye, mpaka aifungue."

Akatikisa kichwa taratibu. Akawageukia wenzake akawaeleza, na yule kijana aliyekuwa akitafsiri akaninong'oneza maana yake: hata wakubwa wale, wanaotazamwa na dunia nzima, huketi wakitetemeka wakingoja jina, kama sisi tunavyongoja wingu. Wazee wakaguna, wakatazamana. Nikaona nyusoni mwao mshangao kwamba hata wakubwa hungoja, jambo ambalo siku ile bandani mimi sikuliona, kwa sababu nilikuwa nawaangalia wanaoniangalia mimi. Kisha mzee akanigeukia.

"Ero, umetembea mpaka hapa kuniambia hujui," akasema. "Neno hilo naweza kulitumia."

Hakungoja kesho. Mizigo ikafungwa juu ya punda mchana ule ule, ng'ombe wakaanza kuswagwa kuelekea milimani. Nami nikaenda nao. Hakuna aliyeniambia niende na hakuna aliyenikataza. Nilibeba ndama mabegani, nikainua ng'ombe walioanguka, nikalala nilipopata nafasi. Siku ya pili ya kupanda, ng'ombe mwekundu wa bibi mmoja aliyeitwa Koko Nashipai akapiga magoti, akashindwa kuinuka. Tulimwinua kwa mkia na kwa pembe, akaanguka tena. Bibi hakuwa na ng'ombe mwingine wa maziwa. Wangeondoka wiki moja mapema angefika, kila mtu pale alilijua hilo, na mimi nililijua. Koko akakaa chini kando yake, akamshika sikio mpaka pumzi ikaisha. Hakunitazama wala hakunilaumu. Ningeshukuru kama angenilaumu.

Kule juu kulikuwa na majani, na wale wengine walipona. Mvua ilichelewa mno. Mwezi ule ulikwisha bila tone, na uliofuata ulikuwa umefika katikati iliponyesha. Kama wangekaa wakingoja neno langu, lile boma lisingebaki na ng'ombe hata mmoja.

Siku niliyoondoka kurudi Karatu, Koko Nashipai akaniita, akaniambia ninyooshe mikono. Nikainyoosha nikiwa tayari kwa lolote. Akanitemea mate viganjani, taratibu, akinena maneno yake kwa sauti ndogo. Kwao hiyo ni baraka, wazee huwapa watoto wanaowapenda. Nililia mbele za watu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimezika wazazi, nimelea watoto, na mpaka leo sijui kwa nini bibi yule alinibariki mimi, niliyemuulia ng'ombe wake. Ni kitu kikubwa kuliko akili yangu.

Basi tabiri, mwanangu, sikukatazi. Taja washindi wako, ucheke ukipatia, ucheke ukikosea, ni mchezo mzuri. Lakini iko siku mtu atakujia na jambo lake la kweli, mgonjwa wake, shamba lake, ndoa yake, kwa kuwa amesikia kwamba wewe hukosei. Siku hiyo mtazame usoni. Mwambie unachokijua na ulikokijulia, na pale ujuzi wako unapoishia sema sijui, kwa sauti ya kusikika, hata kama watu wamekuzunguka. Aibu yake ni ya muda mfupi. Na ukishateleza ukasema usilolijua, usingoje mbingu zikuokoe kama nilivyongoja mimi, wala usitume ujumbe kwenye simu. Nenda kwa miguu yako ukaliondoe neno lako, upesi, maana wakati wewe unasitasita kuna watu wamekaa chini wanalitii.

Mungu aliyetuficha ya kesho akuepushe na kiburi cha kujifanya unayaona. Akuachie moyo wa kushangaa mpaka mvi zikujae. Na ukikosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na mtu wa kukubariki siku usiyostahili. Nyoosha mikono yako, mwanangu.