Ndama wa Mama

Miaka ile nilikuwa karani wa stoo ya vipuri kwenye shamba la ngano la serikali, huko Hanang. Nilikuwa na chumba chenye sakafu ya saruji, kitanda cha chuma, na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Madereva wa kombaini niliwaambia kwamba kwetu Gendabi tuna nyumba ya bati. Ilikuwa ya udongo, na mama alilala humo pamoja na ndama.

Mama alikuwa na pumu. Msimu mmoja ilimzidi, nikampeleka zahanati ya shamba kifua kikimlia filimbi. Kwenye benchi walikaa wake za madereva, wakaliangalia vazi lake la ngozi lililopakwa samli. Nikasogea pembeni kidogo, kama vile nimemsindikiza mgeni tu. Naona aibu hata kuliandika hilo.

Daktari alikuwa kijana mpole, mtu wa mkoa mwingine. Hakujua lugha yetu, na mama Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, hivyo mkalimani nikawa mimi. Mlango ulikuwa wazi na benchi zima lilisikia.

"Muulize mama kama analala na wanyama ndani."

Nikamgeukia mama na kumuuliza kama amekula. Akasema amekunywa maziwa.

"Hapana, daktari," nikasema. "Wanyama wana banda lao."

Daktari akaandika, kisha akanieleza kwa subira. Alisema manyoya ya mnyama yanaweza kuvimbisha njia za hewa za mtu wa namna hii. Vidonge alivyompa vinazuia kimeng'enya fulani mwilini, ili njia zifunguke na uvimbe upungue. Lakini kama kinachomchokoza kimo humo humo ndani, vidonge vitafanya kazi ya bure. Nikaitikia kwa kichwa kama msomi. Neno kimeng'enya nililikumbuka kutoka darasani, nikajiona mtu wa maana. Mama nilimwambia ameze asubuhi na jioni, basi.

Baada ya wiki tatu alirudi akiwa vile vile. Daktari akauliza tena habari za wanyama, nami nikasema tena hapana. Akaongeza dozi. Safari hii mama alitapika, mikono ikatetemeka, moyo ukamwenda mbio. Aliendelea kumeza kwa sababu aliyemwambia ameze ni mwanawe, karani.

Alipokuja mara ya tatu, daktari alikuwa amehamishwa. Tulimkuta muuguzi mpya, binti wa wafugaji wa tambarare zetu. Akamsalimia mama kwa heshima zote, kwa lugha yetu, kisha akamuuliza mwenyewe. Mama akafurahi! Akamweleza ndama mmoja mmoja, rangi zao, na yule mkorofi anayelala karibu na kichwa chake. Muuguzi akatazama karatasi palipoandikwa hapana mara mbili, halafu akanitazama mimi. Akapunguza vidonge na kumweleza mama sababu ya kuwatoa ndama.

Mimi nilikuwa nimejidanganya kwamba hata angeambiwa asingekubali. Siku hiyo hiyo aliwahamishia kwa mke wa kaka yangu, bila kubisha.

Wakati wa mavuno alikuja kunitembelea. Alitoka barabarani hadi kwangu bila kupumzika hata mara moja, akaketi kwenye kitanda changu cha chuma.

"Yule daktari wa kwanza," akasema, "mbona hakuniuliza habari za ndama?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili tu, hakuna mke wa dereva wala nani.

"Hakuuliza, mama."

Akamhurumia. "Maskini. Labda kwao hawana hata ng'ombe mmoja."

Kisha akafungua kibuyu alichoniletea, akanimiminia maziwa, nikanywa.