Msimpishe Mutua

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado roho inachemka, na mimi si mtu wa hasira. Dada yangu Ndunge alirudi kutoka Kawangware na mwanawe Mutua, akaketi kitandani bila kuvua viatu, akasema, "Wamemrudisha."

Nikueleze kwanza Mutua ni nani. Ni mtoto mwenye usonji. Neno hilo tulipewa na daktari. Majirani zetu wa mtaa wa Lindi walikuwa na maneno yao, na sitayarudia hapa. Wakati huo alikuwa na miaka saba. Maneno yake ni machache, kelele za watu zinamuumiza, na ukimsalimia hakutazami usoni. Tulizunguka sana kabla ya kupata shule ndogo Kawangware yenye darasa la watoto kama yeye. Sasa alikuwa amewasukuma wenzake kwenye foleni ya uji, na msichana mmoja akaungua mkono.

"Simkatai," mwalimu alimwambia dada. "Mfundisheni kungoja zamu, halafu mumlete. Lakini akiungua mtoto mwingine, wazazi hawatanielewa."

Kesho yake nilikwenda na Mutua kuteka maji mtaa wa jirani, Makina, kwa Bibi Zaitun. Huyo ni mzee wa Kinubi, na bomba ni lake. Pale mtungi ndio unaopanga foleni. Unauweka nyuma ya mingine, na wa mbele ukijaa kila mtu anasukuma wake kwa mguu. Tulipotokea tu, jirani yetu Mama Achieng akaita, "Mpisheni huyo mtoto na auntie yake. Si mzima huyo, asitupigie kelele hapa."

Wakapisha, kama kawaida yao. Mutua akapita katikati yao na kuweka mtungi wake mdogo chini ya bomba, kama alivyozoea.

Bibi Zaitun akautoa. Akaupeleka nyuma kabisa.

Mutua alijitupa kwenye matope akapiga mayowe.

"Na wewe pia, Bibi," Mama Achieng akasema. "Mtoto mgonjwa unamfanyia hivyo? Hata huruma huna?"

"Huruma gani? Mmempisha hapa, mmempisha chooni, mmempisha kwa muuza mandazi. Tangu azaliwe hajaona mgongo wa mtu mbele yake. Foleni ataijulia ndotoni?"

"Si tunamsaidia?"

"Mnanunua kimya tu. Juzi alimsukuma binti yako hapa hapa, ukamzaba kofi, ukamwambia mama yake eti asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa ulimwengu ni nani, Mama Achieng? Si ni wewe? Umemfunza nini?"

Mtu mmoja akacheka. Mama Achieng akajifunga leso upya.

Kisha mzee akanigeukia mimi. "Na wewe umesimama tu hapo. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini asubuhi hii kelele ni nyingi, hawezi kujifunza kitu. Mlete mchana, mitungi ikiwa michache."

Nikamleta mchana. Bibi aliwaita watoto wawili, Achieng, yule binti aliyesukumwa, na Swaleh, mjukuu wa Bibi mwenyewe. Achieng akaweka mtungi mbele ya Mutua na Swaleh nyuma yake. Bibi akaagiza kwamba mtungi wa mbele ukisogea, Swaleh aguse mtungi wa Mutua aseme, "Sukuma." Neno hilo tu. Asiseme "songa" leo na "twende" kesho.

"Bibi, huyu hanisikii," Swaleh akalalamika.

"Hata wewe hunisikii, na bado nakulisha. Sema tena."

Kulikuwa na kilio, mwanangu. Halafu kilio kikapungua. Halafu kukawa na siku ambayo Mutua alisukuma kabla ya kuambiwa, na nyingine ambayo Achieng alizubaa na Mutua akamwambia yeye, "Sukuma." Watoto walicheka hadi wakakaa chini.

Kilichonichosha ni watu wazima. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chetu kilikuwa kikimwagwa kila siku. Huyu anapita, "Maskini, acheni apite." Mama wa kanisa letu akambeba mzimamzima hadi bombani huku akimwombea. Kwangu kuzungumza mbele za watu ni kazi ngumu. Nilichofanya ni kuuchukua mtungi na kuurudisha nyuma, kila mara, huku nikitazamwa kama mchawi.

Tulipomrudisha shuleni, mimi na dada tulisimama ukutani tukaangalia foleni ya uji. Mutua alikuwa nyuma ya mvulana mwenye sweta iliyochanika. Aliziba masikio, akawa anaguna na kukanyagakanyaga. Mpishi akamwona, akainua kikombe. "Njoo mbele, mdogo wangu, usilie."

Mutua akageuza kichwa. Dada alinishika mkono, na sijui sauti ilitoka wapi.

"Hapana," nikasema. "Atangoja."

Uwanja mzima ulinitazama. Mvulana wa sweta akasogea hatua, Mutua akasogea. Akasogea tena. Alipopewa uji wake alikwenda kukaa chini, na hakuna aliyemwagikiwa. Mwalimu akamwambia dada, "Kesho mlete mapema."

Nakuita mwanangu ingawa sijazaa, kwa sababu huku kwetu ukishabeba mtoto wa dada mgongoni, tayari una haki ya kusema kama mama. Basi nasema, na nimechoka kusema. Mtoto mwenye usonji hajifunzi kuishi na watu akifungiwa chumbani, wala hajifunzi kwa kofi, wala kwa kupishwa. Anajifunza kati ya watoto wenzake, kwa neno lile lile, mahali penye utulivu, kidogo kidogo. Akizidiwa, mtoe kando apumzike, kisha mrudishe. Na ukikutana naye dukani, usimwonee huruma ya kumharibia. Simama mbele yake, umwachie nafasi nyuma yako.

Na kama una mtoto kama Mutua, Mungu akupe kifua cha kustahimili kilio cha mtoto na midomo ya majirani. Na mtoto wako apate mahali pake katikati ya wenzake, apaone kuwa ni pake, na wenzake wapaone hivyo hivyo.